Mkono wa Refa

Msimu ule tulicheza mechi kumi na tukafungwa tisa. Nasema tulifungwa kwa adabu tu. Wenyewe tuliokuwa ndani tulikuwa tukisema tumenyolewa. Mimi nilikuwa kipa na nahodha, kwa hiyo kila bao nililiokota mwenyewe nyavuni kwa mikono yangu, na sina haja ya mtu kunikumbusha idadi.

Sipendi watu wanaosema kufungwa kunafundisha. Kufungwa kunachosha. Unarudi nyumbani na punje nyeusi za uwanja wa nyasi bandia ndani ya soksi, dada yako anakuuliza mmepata ngapi, unamwambia, anasema haidhuru kisha anakuwekea chakula kingi kuliko kawaida. Shemeji hata hakuwa akiuliza. Alikuwa akinitazama usoni nikivua viatu mlangoni, basi ameshajua.

Nilikuwa nimetoka Mombasa kuja kusomea kompyuta katika chuo kimoja cha Silicon Oasis, chuo cha ghorofa mbili tu ndani ya jengo la vioo ambalo ghorofa nyingine ni ofisi za watu. Nilikaa kwa dada Bur Dubai, nikipanda metro na basi kila asubuhi. Chuo hakikuwa na uwanja. Tulikodishiwa saa mbili kwa wiki nyuma ya maghala fulani, na kila Jumamosi baada ya alasiri tulibebwa na gari la chuo kwenda kupigwa mahali pengine.

Timu yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Mshambuliaji alikuwa Mganda mwenye mbio za ajabu asiyejua kusimama. Tulimwona akipitiliza mpira, akipitiliza mstari, akienda kujishika kwenye uzio. Viungo wetu wawili walikuwa Wahindi waliocheza vizuri sana, tena kwa kupeana wao kwa wao. Na beki wa kulia alikuwa kijana wa Lahore aliyekulia kwenye kriketi. Mpira wa juu ukimjia, mikono ilitangulia kabla ya akili. Penalti tatu za msimu ule zilikuwa zake, na kila mara alibaki ameduwaa akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima. Alikuwa mpole, hukuweza kumgombeza.

Kocha wetu alikuwa Mtanzania wa Moshi, mtu mfupi, mkimya, mwenye miaka kama arobaini. Kwenye karatasi hakuwa kocha. Aliajiriwa kutunza stoo ya vifaa vya michezo: mipira, koni, meza ya tenisi iliyopinda mguu. Timu aliichukua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Tukiwa wote aliongea Kiingereza chake cha kuhesabu maneno, akichanganya na yalla na khalas za Kiarabu kama kila mtu mjini hapa. Akibaki na mimi alirudi kwenye Kiswahili na unamwona mabega yakishuka. Mkewe alikuwa akituletea maandazi, ndoo nzima nyeupe yenye kifuniko, kila Jumamosi, na tuliyala ndani ya gari tukirudi tumefungwa. Mama yule hakuwahi kuja uwanjani. Alikuwa akipiga simu tukiwa njiani, na kocha alimjibu neno lile lile kila wiki, kwamba vijana wamejitahidi. Mganda wetu alikuwa akinong'ona kwamba kama kujitahidi kwenyewe ndiko huku, siku tukizembea itakuwaje.

Baada ya kufungwa mechi ya sita, madam wa ofisi ya wanafunzi alimwita. Mazungumzo hayakuwa marefu. Chuo kilikuwa kinapunguza mambo, na timu ambayo haijapata hata sare haikuwa na sababu ya kuendelea; ikifutwa timu, na kazi ya stoo inafutwa. Alimwachia mlango mdogo: ushindi mmoja kabla ya msimu kwisha, hata mmoja, apate kitu cha kuwaonyesha wakubwa zake. Kocha aliniambia haya tukipakia koni kwenye mfuko. Hakuwaambia wengine. Aliniambia mimi kwa sababu ya lugha, nadhani, na kwa sababu mtu hawezi kukaa na jambo kama hilo peke yake.

Mtu wa mbali anaweza kudhani kazi ni kazi, ikitoka hii inakuja nyingine. Hapa kazi ndiyo inayokuweka nchini. Viza yake ilikuwa ya chuo, na juu ya viza yake waliingia mkewe na binti yao, ambaye ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza na alikuwa akirudi nyumbani na nyimbo za Kiarabu wazazi wasizozielewa. Kazi ikikatwa, viza inakatwa, na siku za kufungasha zinahesabika. Tukafungwa ya saba, ya nane na ya tisa. Kocha alikonda, nami nilianza kuota mipira ya kona.

Hapa lazima nimtaje mtu wa tatu. Idi yangu ya kwanza hapa, dada alinipeleka kusalimia kwa mzee mmoja Mzanzibari mwenye duka la vitambaa mtaa wa nyuma yetu. Alikuwa amekaa Dubai miaka mingi na Kiunguja chake hakijaguswa. Aliponiuliza jina, nikalitaja, alisema hilo ni jina la mdogo wake, marehemu. Akaninyanyulia nyama kutoka sahani yake akaniwekea yangu. Tangu siku ile, kila nikipita nje ya duka aliniita kwa jina langu lote kutoka ndani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, bila shida yoyote, raha yake ni kuliita tu. Nilikuwa naona haya mbele za watu. Siku ile ya Idi aliniambia pia kwamba kwao alikuwa refa, na hata hapa hupuliza kipenga mara moja moja wakimhitaji. Nikamwambia mimi kipa. Tukaishia hapo, ikaja halua.

Mechi ya kumi ilikuwa dhidi ya chuo kikubwa cha upande wa pili wa mji, watoto wenye jezi zenye majina mgongoni na mtu wao maalumu wa kuwachua misuli. Refa aliyepangwa hakutokea. Tulisubiri. Ligi ikapiga simu huku na huku, mwishowe ikafika teksi, akashuka mtu mwenye soksi nyeusi tayari miguuni na begi dogo mkononi. Niliitwa katikati kurusha sarafu. Nilipofika karibu nikamtambua: ni yule mzee wa vitambaa.

Kulikuwa na kanuni. Niliisaini mwenyewe mwanzoni mwa msimu pamoja na manahodha wengine wote, karatasi nne ambazo hakuna aliyezisoma: refa mwenye kujuana na mchezaji yeyote sharti aseme kabla ya mechi, abadilishwe. Haikunijia akilini hata kidogo. Mzee alininyoshea mkono, wa kupeana kama ilivyo desturi ya uwanjani. Kwetu sisi mkono wa mzee aliyekulisha sikukuu hautikiswi. Unaupokea, unainama, unaubusu. Nikafanya hivyo hivyo, mbele ya nahodha mwenzangu, na nikamwambia shikamoo.

Aliuvuta mkono haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto. Akatazama pembeni kwenye benchi, akatazama jua lililobaki, akatazama watu ishirini na mbili waliosimama wakimngoja. Sijui alifikiri nini. Nafikiri alijiambia hakuna refa mwingine, na nafikiri alijiamini. Akarusha sarafu.

Siku ile kocha alikuwa amempa kijana wa Lahore dawa yake mwenyewe. Alimwambia kila mpira ukiwa juu, ashike pindo za bukta yake kwa mikono yote miwili na asiachie mpaka mpira utue. Alionekana kituko, anakimbia huku kajishika kama msichana anayevuka dimbwi. Lakini hatukutoa penalti. Kipindi cha pili tukapata kona, akapanda mbele, kashika bukta, mpira ukampiga katikati ya paji la uso ukaingia. Hakujua kama amefunga. Ilibidi tumgeuze aone.

Dakika zilizobaki nilizicheza kwa magoti. Walitupiga kila upande. Mwishoni kabisa mshambuliaji wao akapokea pasi ndefu, akanizunguka, akafunga, na mzee akapuliza: ameotea. Ligi yetu haikuwa na washika vibendera, refa alikuwa na macho yake tu. Mimi nilikuwa pale, nilimwona yule kijana yuko hatua nzima nyuma ya beki wetu wa mwisho wakati mpira unapigwa. Alikuwa ameotea. Hilo nitalisema popote, hata leo.

Kipenga cha mwisho kilipolia wenzangu walivuana jezi. Kocha hakuruka. Alikaa juu ya boksi la barafu, akatoa simu, akampigia mkewe kabla yeye hajapiga. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu kwamba alikuwa akizungumza akiwa ameuziba uso kwa mkono wa pili. Nilifurahi siku ile kuliko siku nilipopata viza yangu.

Picha ilipigwa na mtu wetu. Kila mechi kijana mmoja wa ofisi ya wanafunzi alikuwa akipiga picha ya manahodha na refa, na kwa kuwa tumeshinda, akaitoa kwenye ukurasa wa chuo usiku ule ule kwa fahari. Mimi nimeinama, midomo iko kwenye mkono wa refa. Kufikia Jumatatu wapinzani wetu walikuwa wameshaipeleka ligi na malalamiko yao: refa na kipa wanajuana, bao limekataliwa, ushindi ufutwe.

Tuliitwa Jumatano, ofisi ya ligi, katika mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers. Tulikwenda kwa metro, kocha na mimi. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likasimama. Vituo vingi vilipita, nami nikawa natazama nje minara ikija na kuondoka. Kisha akasema, taratibu, bila kunigeukia:

"Kama mnajuana, sema mnajuana. Mambo yangu mimi usiyabebe."

Nikamwambia sawa. Nilikasirika kidogo, nakumbuka. Afadhali angeniomba niseme uongo, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Kocha aliachwa mapokezi. Ndani kulikuwa na watu watatu wa kamati: mwenyekiti Mzungu, mama mmoja wa Kihindi na kijana wa Kimisri aliyekuwa akiandika. Mzee alikuwa ameshafika, amekaa mwisho wa meza na kofia yake ya kiua imelazwa juu ya goti. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo kuniitikia. Alifungua mdomo aanze kusema, na mimi sina shaka hata leo kwamba alikuwa anakwenda kusema kweli, kwamba huyu ni kijana wa kwetu na nilipaswa kujitoa. Mwenyekiti akamwomba asubiri. Akataka kuanza na nahodha.

Wakanionyesha picha kwenye kompyuta. Wakaniuliza kama ninamjua mtu huyu.

"Simjui," nikasema.

Lilitoka jepesi. Nilidhani litakuwa zito. Nikaendelea kueleza, tena vizuri, kwa Kiingereza changu cha darasani, kwamba pwani ya kwetu kijana humbusu mkono mzee yeyote mwenye mvi, awe amemjua au hajamjua, ni heshima ya umri tu, ningefanya vile kwa refa yeyote wa umri ule. Kijana wa Kimisri aliacha kuandika akasema hata kwao ni hivyo, yeye humbusu mkono babu yake na rafiki za babu yake. Mwenyekiti akatabasamu. Na kweli, desturi niliieleza ilivyo. Ndiyo maana ilikubalika. Muda wote huo nilikuwa nazungumza nikiwa nimekitazama kikombe cha maji mbele yangu, na mzee alikuwa upande wangu wa kushoto, umbali wa viti viwili.

Kisha wakamgeukia yeye. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma na mama wa Kihindi akajifunika mtandio mabegani. Nilijua anavyoweza kunimaliza kwa sentensi moja, na nilijua nani atakayefungasha mizigo baada ya hapo. Nadhani naye alijua. Nilikuwa nimemsimulia dada, na dada alikuwa akimpelekea habari zote, na habari za kocha na mtoto wake zilikuwa zimeshafika dukani zamani.

"Ni kama alivyosema kijana," akasema.

Matokeo yakabaki. Nilipotoka, kocha alisimama, nikamwambia yamebaki. Alinishika bega akalibana, akatazama juu, akashukuru Mungu wake. Hakuniuliza nilisema nini ndani. Nilitegemea aniulize, nilikuwa na majibu mawili tayari, lakini hakuuliza siku ile na hajauliza mpaka leo. Mzee alitoka nyuma yetu. Alimpa kocha mkono, akampongeza kwa ushindi, akashuka kwa lifti iliyofuata. Niliona aibu. Nataka ieleweke hivyo hivyo bila kupambwa: niliona aibu nikiwa nimesimama pale kwenye zulia la watu.

Madam alitimiza neno. Timu iliendelea, stoo iliendelea, na kocha bado yuko hapa. Binti yake sasa ananirekebisha Kiarabu changu nikienda kwao. Wiki ile mkewe alileta ndoo mbili za maandazi badala ya moja, na kijana wa Lahore alikula mpaka akalala kwenye gari. Kuhusu mzee, dada aliniambia siku moja akikunja nguo kwamba ameiandikia ligi wamtoe kwenye orodha ya marefa. Kisingizio kilikuwa magoti. Dada alisema masikini, umri huo. Nikaitikia umri huo.

Nikaanza kupita mtaa wa mbele. Ni mzunguko wa dakika kumi zaidi kutoka metro, na wakati wa joto dakika kumi si mchezo, lakini niliupita miezi mitano. Watu hujiuliza kama wangerudia jambo. Mimi nimejiuliza mara nyingi, na jibu hubadilika kutegemea nani nimemwona karibuni, kocha na familia yake au mlango wa lile duka.

Ramadhani ilipofika kati, dada alinitaka nikashonewe kanzu ya Idi, na kwake duka lilikuwa moja. Nilisema niko na mtihani. Akasema mtihani haukukatazi kupimwa mabega. Sikuwa na la kumwambia bila kumwambia lote, nikaenda, baada ya alasiri, saa ambayo nilitumaini duka litakuwa na watu. Hakukuwa na mtu.

Alikuwa akikunja vitambaa. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, kwa sauti nzuri tu, kwa sababu hiyo hamnyimi mtu. Akanipa mkono. Nilipoinama, mkono wake ulibaki pale pale ulipokuwa, mzito, usawa wa kiuno, haupandi. Hakuukaza. Aliuacha tu uwe mzito. Nikanyanyuka. Tukapeana mkono kama watu wa ofisini.

Akanitolea vitambaa vitatu, akanieleza kipi kinapumua na kipi kitanichoma jua likiwaka. Akanipima mabega, akanipima mikono, akashuka mpaka kifundo cha mguu, polepole kwa ajili ya magoti yake. Kumbe magoti yalikuwa kweli. Kazi yake ilikuwa safi. Akaniuliza kola nataka ya namna gani, nikasema yoyote, akasema yoyote haishonwi, nikachagua. Nilikuwa nimeipanga njiani sentensi ya kumwomba radhi, na kila alipogeuka nilifungua mdomo, na kila alipogeuka aliniuliza jambo jingine la kanzu.

Mwishowe akakaa nyuma ya meza akavuta kitabu cha risiti. Akaandika kitambaa, akaandika vipimo, akaandika siku ya kuja kuchukua. Kisha akashika kalamu juu ya mstari wa kwanza, uliokuwa bado mtupu, akaniinulia macho kwa upole kama anavyomwinulia mteja yeyote.

"Niandike jina gani?"

Nikamtajia. Akaliandika herufi moja baada ya nyingine, akaigeuza risiti upande wangu, akaniuliza kama amepatia.